Uvimbe adimu uliohamia kwenye wengu: matundu madogo au kupasua tumbo?

#1 Mjukuu wa Bombo
Salaam kwenu wote. Mama yangu mdogo alitolewa uvimbe wa ovari miaka mingi iliyopita, na majibu ya patholojia yalisema ni uvimbe wa seli za granulosa (zile zinazozunguka yai ndani ya ovari), aina ambayo hata wauguzi wa wodi ile hawakuwa wameizoea. Alipona, akalea watoto wake, akaendelea na biashara ya vitenge. Mwaka huu alianza kulalamikia maumivu chini ya mbavu za kushoto na, kama ilivyo ada kwetu, akapewa dawa za malaria, kisha akapewa nyingine. Hatimaye ultrasaundi ilionyesha kitu ndani ya wengu, na picha ya CT iliyopigwa Kampala ikaonyesha uvimbe mmoja tu, wa takribani sentimita 4, huku ini, mapafu na tezi vikiwa safi. Daktari wa upasuaji anashauri wengu wote utolewe kwa kamera, kupitia matundu madogo. Mjomba, ambaye ndiye mwenye mfuko, amekataa kwa hoja mbili: kwamba saratani haiendi kwenye wengu, na kwamba upasuaji wa kamera hutawanya saratani tumboni. Naomba wenye ujuzi wanisaidie kuzipima hoja hizo, kwa kuwa kikao cha ukoo kinakaribia na sitaki kwenda mikono mitupu.

#2 Fundi wa Tororo
Mjomba asidharauliwe. Huku kwetu mtu akiwa na kitu kigumu upande wa kushoto wa tumbo, jibu la kwanza ni malaria ya muda mrefu, na wazee wengi bado wana alama za chale pale pale chini ya mbavu, walizochanjwa kwa wembe utotoni ili bandama, yaani wengu, ishuke. Hata mimi ninazo. Mashine huona vivuli, na si kila kivuli ni saratani.

#3 Nesi wa Zamu, Arua
Fundi, hapo umechanganya mambo mawili. Malaria inayorudi mara kwa mara huukuza wengu wote, ukawa mzito na mgumu kwa pamoja, na ugonjwa huo ulichunguzwa sana Kampala katika miaka ya 1960. Kichocho nacho, hasa kwa watu wa kando ya Ziwa Albert kama Butiaba, huacha makovu kwenye ini, shinikizo likapanda katika mshipa unaoingia humo, na wengu ukajaa damu. Katika hali zote mbili ultrasaundi huonyesha wengu mkubwa ulio sawasawa. Aliyoeleza Mjukuu ni kitu tofauti: wengu wa kawaida wenye donge moja ndani yake. Donge la namna hiyo linaweza kuwa kifuko cha maji, jipu, kifua kikuu kilichotoka nje ya mapafu, uvimbe wa mishipa ya damu usio na madhara, limfoma (saratani ya chembe za limfu), au mbegu ya saratani iliyotoka mahali pengine. Kwa mgonjwa aliyewahi kuwa na saratani, hilo la mwisho haliwezi kuachwa kando.

Chale, nadhani, hazikushusha bandama ya mtu yeyote.

#4 Patholojia Mstaafu
Mjomba amekosea aliposema "haiendi", lakini angesema "huenda kwa nadra" ningekuwa upande wake. Mnamo mwaka 1889 daktari wa London, Stephen Paget, alichapisha hesabu ya wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Ini lilikuwa na uvimbe kwa wagonjwa 241, na wengu kwa 17 tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya aandike juu ya mbegu na udongo: mbegu husambazwa kila mahali, lakini huota pale tu penye udongo unaoikubali. Tangu hapo, ripoti nyingi za uchunguzi wa maiti za wagonjwa wa saratani zimekuta uvimbe kwenye wengu kwa kati ya asilimia 2 na 7 hivi, na karibu wote walikuwa wameshaenewa kwenye viungo vingine. Vyanzo vinavyotajwa zaidi ni matiti, mapafu, melanoma ya ngozi, ovari, utumbo mpana na tumbo. Kukuta wengu umeshambuliwa peke yake, viungo vingine vikiwa salama, ni nadra zaidi, na mara nyingi chanzo chake huwa ovari au utumbo mpana. Kwa hiyo mgonjwa wetu ni adimu mara mbili: aina ya uvimbe wake ni adimu, na mahali ulipotua ni adimu.

#5 Mwalimu wa Bayolojia, Jinja
Naomba nichangie kuhusu sababu ya uhaba huo, maana nimekuwa nikiifundisha. Mshipa unaopeleka damu kwenye wengu huchomoka kwa kona kali, kisha hujipindapinda juu ya kongosho njia nzima. Vibonge vya seli za saratani hushindwa kukata kona hiyo na hupitiliza kwenda kwingine. Isitoshe, wengu hauna mishipa ya limfu inayoingia, kwa hiyo njia ya pili ya saratani kuingia imefungwa tangu mtu anazaliwa.

#6 Boda wa Katwe
Mwalimu, kama kona kali zingezuia abiria kufika, mimi nisingewahi kumfikisha mtu Kapchorwa kule mlimani.

#7 Patholojia Mstaafu
Boda amesema kwa mzaha jambo ambalo wengi wameliuliza kwa uzito. Wengu wa kawaida una uzito wa gramu 150 hivi, lakini hupokea takribani asilimia 5 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ikiwa chembe nyekundu za damu zinaikata kona ile kila sekunde, kwa nini seli moja ya saratani iliyochukuliwa na mkondo ule ule ishindwe? Hoja ya kona inaweza kuwa na nguvu kwa vibonge vikubwa, si kwa seli moja moja. Hoja ya limfu naikubali zaidi.

#8 Mwanafunzi wa Mulago
Wakubwa, kuna maelezo mengine. Wengu umejaa chembe za kinga, na huenda seli za saratani zinafika kwa wingi lakini zinauawa kabla ya kuota. Wapo waliochunguza wengu kwa hadubini na kukuta seli za saratani ambazo kwa macho matupu hazikuonekana kabisa. Hilo linaonyesha kwamba kufika si tatizo, tatizo ni kustawi.

#9 Mwalimu wa Bayolojia, Jinja
Mwanafunzi, nijibu hili basi: tezi za limfu nazo zimejaa chembe za kinga, na ndizo kituo cha kwanza cha saratani ya matiti. Kinga hiyo ilikuwa likizo?

#10 Mwanafunzi wa Mulago
Swali ni zuri, Mwalimu, na sina jibu linaloziba mwanya wote. Labda ni kwa sababu katika tezi seli huletwa na limfu polepole na kukaa, ilhali katika wengu damu hupita kwa kasi. Wengine wanasema wengu hujikunja na kujikamua, lakini tabia hiyo ni ya mbwa na farasi zaidi kuliko binadamu.

#11 Nesi wa Zamu, Arua
Mimi nina maelezo mepesi zaidi: hatuutazami. Mgonjwa ambaye saratani imeingia kwenye mapafu na ubongo hufariki kabla wengu haujatoa dalili yoyote, na huku kwetu ni maiti wangapi wanaofanyiwa uchunguzi? Tangu picha za CT zilipoanza kutumiwa kuwafuatilia wagonjwa, ripoti za uvimbe mmoja kwenye wengu zimeongezeka. Sidhani kwamba saratani yenyewe imebadilika.

#12 Patholojia Mstaafu
Kabla hatujazama kwenye nadharia, Mjukuu amuulize daktari swali moja la maana: uvimbe uko ndani ya nyama ya wengu, au umekaa juu ya ganda lake? Saratani za ovari husambaa kwa njia mbili. Nyingine hudondosha seli kwenye maji ya tumbo, nazo hushika juu ya viungo, ganda la wengu likiwemo. Nyingine hupita kwenye damu na kuingia ndani. Katika mpangilio wa hatua za saratani ya ovari uliotolewa na FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, mwaka 2014, uvimbe wa juu ya ganda ulihesabiwa katika hatua ya IIIC, na ule wa ndani ya nyama ukawekwa katika IVB, iliyo mbele zaidi. Mpangilio huo huhusu mgonjwa anapogunduliwa mara ya kwanza, si anaporudiwa, lakini mantiki yake inamsaidia mpasuaji: kama umekaa juu ya ganda, lazima akague utando wote wa tumbo, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo mara nyingi huwa na wenzake wadogo ambao CT haiwaoni.

#13 Boda wa Katwe
Ahsante, Mzee. Sasa mimi nisiye na digrii nauliza: kiungo chenye ukubwa wa ngumi kinatokaje kwenye tundu la kidole?

#14 Mama Thieta
Nimesimama upande wa meza ya vifaa katika upasuaji wa aina hii, nikijibu nitaeleza nilichokiona. Mgonjwa hulazwa ubavu wa kulia, upande wa kushoto ukiwa juu, na meza hukunjwa kidogo kiunoni ili nafasi kati ya mbavu na nyonga ifunguke. Akishalala kwa nusukaputi, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, kisha huwekwa mirija mitatu au minne yenye upana wa milimita 5 hadi 12. Kamera huingia kwa mmoja, mikono ya mpasuaji kwa mingine. Kwa kulala hivyo, tumbo la chakula na utumbo huanguka kulia kwa uzito wake wenyewe, na wengu hubaki ukining'inia kutoka kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo.

Kwanza hukatwa kishikizo kinachoufunga kwenye utumbo mpana, kisha ile mishipa mifupi inayotoka kwenye tumbo la chakula, ambayo ikichanika skrini yote huwa nyekundu na hakuna anayeongea chumbani. Baada ya hapo hubaki shina, yaani mshipa mkubwa unaoingiza damu na ule unaoitoa. Mkia wa kongosho hukaribia hapo sana, kwa watu wengi haufiki hata sentimita moja kutoka kwenye shina, na kwa baadhi huligusa kabisa. Mpasuaji akibana bila kuangalia atakata kongosho, na majimaji yake yatavuja tumboni kwa wiki kadhaa. Shina hukatwa kwa stepla maalumu inayopiga safu za pini pande zote mbili na kukata katikati kwa wakati mmoja.

Kuhusu kutoka: wengu huingizwa kwenye mfuko wa plastiki humo humo tumboni. Kama ugonjwa ni wa damu, mdomo wa mfuko hutolewa kwenye tundu na wengu husagwa ndani ya mfuko, ukatoka vipande vipande. Kama ni saratani haturuhusu kusaga. Tundu moja hupanuliwa sentimita kadhaa, na mfuko hutoka ukiwa na wengu mzima, ili mtaalamu wa patholojia apate kiungo kamili na seli zisimwagike. Kwa hiyo, Boda, hautoki kwenye tundu la kidole.

#15 Afande Mstaafu
Mama Thieta ameeleza vizuri, lakini hakujibu hofu ya mjomba. Niliwahi kuambiwa na daktari mmoja kwamba ile gesi hupuliza seli na kuzipandikiza kwenye yale matundu. Yeye si mganga wa kienyeji, ni daktari.

#16 Patholojia Mstaafu
Afande, daktari wako hakuzua. Katika miaka ya 1990, upasuaji wa kamera ulipoanza kutumika kwa saratani ya utumbo mpana, zilitoka ripoti za uvimbe kuota pale pale palipopitishwa mirija, na hofu ilikuwa kubwa. Ndipo ukafanyika utafiti wa COST huko Amerika Kaskazini, uliowagawa wagonjwa 872 kwa kura kati ya kamera na upasuaji wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: uvimbe wa kwenye jeraha ulikuwa chini ya asilimia 1 katika makundi yote mawili, na uhai wa wagonjwa haukutofautiana. Wengi walihitimisha kwamba tatizo lilikuwa mikono isiyozoea, kuushikashika uvimbe, na kuutoa bila mfuko.

#17 Hajati wa Kisenyi
Mzee, umesimulia nusu ya hadithi. Malizia na utafiti wa LACC uliochapishwa mwaka 2018. Huo ulihusu saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayotuua zaidi wanawake wa Uganda. Wanawake 631 waligawanywa kwa kura, na baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 86.0 kwa upande wa matundu madogo na asilimia 96.5 kwa upande wa upasuaji wa wazi. Nchi nyingi zilirudi kwenye kupasua. Kabla ya utafiti huo madaktari walikuwa na uhakika ule ule tunaousoma hapa. Je, nani amewahi kufanya utafiti wa kura kwa uvimbe wa wengu?

#18 Mwanafunzi wa Mulago
Hajati, hauwezi kufanyika, kwa sababu wagonjwa ni wachache mno hata kwa nchi nyingi zikiungana. Tunategemea ripoti za mgonjwa mmoja mmoja na mafungu madogo. Kuhusu LACC, wapo wanaolaumu kifaa kinachoingizwa kwenye mji wa mimba na kuugusa uvimbe wenyewe, wapo wanaolaumu uke kufunguliwa ndani ya tumbo lililojaa gesi, na wapo wanaolaumu uzoefu wa wapasuaji. Katika wengu hakuna kifaa kinachogusa uvimbe, na uvimbe ulio ndani ya nyama hubaki umefunikwa hadi unaingia kwenye mfuko.

#19 Hajati wa Kisenyi
Hadi mfuko upasuke. Au hadi mtu avute wengu kwa pupa na kupasua ganda. Sipingi kamera; ninapinga kuambiwa kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa.

#20 Mama Thieta
Hilo la kupasuka ganda ni la kweli, na ndiyo maana mpasuaji mzuri haushiki wengu wenyewe, huusukuma tu kwa kifaa butu. Hata pasipo saratani, vipande vinavyodondoka vinaweza kujipandikiza tumboni na kuwa vijiwengu vipya. Naongeza kwamba mgonjwa anayepelekwa kwa kamera hutia sahihi ya kukubali kupasuliwa pia. Damu ikizidi, tumbo hufunguliwa mara moja, na familia isione hiyo ni aibu ya daktari. Mjukuu aulize pia kama mpasuaji huyo amezoea kutoa wengu kwa njia hiyo, kwa sababu kuna wapasuaji hodari wa kutoa mfuko wa nyongo kwa kamera ambao wengu hawajaugusa.

#21 Binti Koboko
Baba yangu alikuwa na melanoma ya unyayo, ile inayoanza kama doa jeusi ambalo mtu hudhani ni mwiba. Ilipohamia, ilikwenda kwenye wengu na kwenye ini. Tuliomba wengu utolewe, madaktari wakakataa, na hadi leo sehemu ya familia inaamini tulikataliwa kwa kuwa hatukuwa na fedha. Ningependa kuelewa kwa nini huyu anakubaliwa na yule akakataliwa.

#22 Nesi wa Zamu, Arua
Pole sana, dada. Kutoa wengu huwa na maana pale ambapo ndio mahali pekee palipobaki na ugonjwa, au unapotishia kupasuka na kumwaga damu. Kama ini nalo lina uvimbe, mgonjwa hupewa maumivu ya upasuaji na hatari ya maambukizi, na saratani hubaki pale pale. Kipimo kingine ni muda: mtu ambaye ugonjwa umerudi baada ya miaka mingi ana uvimbe unaokua polepole, na huyo hunufaika zaidi kuliko aliyerudiwa baada ya miezi. Uvimbe wa granulosa unajulikana kwa kurudi baada ya miaka 10 au hata 20.

Na kuna saratani ambayo hata ikiwa imejaa kwenye wengu, dawa ndiyo hutangulia. Nimemwona msichana aliyekuja na koriokasinoma, saratani ya seli za kondo la nyuma, baada ya mimba ya zabibu. Kipimo cha homoni ya mimba kilikuwa juu sana, na picha ilionyesha madoa kwenye mapafu na wengu. Alitibiwa kwa dawa tu, wengu wake uko tumboni mwake hadi leo, na ameshajifungua.

#23 Fundi wa Tororo
Basi kwa nini wasichome sindano kwanza wakachukua kinyama, wajue ni nini? Mnataka kutoa kiungo kizima kwa kukisia.

#24 Patholojia Mstaafu
Sisi wa zamani tulifundishwa kuuogopa wengu kwa sababu hutoka damu. Siku hizi, kwa sindano nyembamba inayoongozwa na ultrasaundi, madhara makubwa huripotiwa kwa mgonjwa mmoja au wawili tu katika kila mia. Kwa hiyo Fundi ana hoja, hasa pale limfoma au kifua kikuu vinaposhukiwa, maana hivyo hutibiwa kwa dawa. Lakini kwa uvimbe mmoja wa mgonjwa mwenye historia ya saratani, wapasuaji wengi huona kwamba sindano inaweza kumwaga seli njiani, na kwamba wengu ukitolewa mzima unakuwa kipimo na tiba kwa wakati mmoja. Ningeomba kwanza kipimo cha damu cha inhibini B, ambacho hupanda kwa uvimbe wa granulosa. Na vioo vya patholojia vya zamani, vyenye sampuli ya ule uvimbe wa ovari, vitafutwe visomwe upya, kama bado vipo kabatini.

#25 Hajati wa Kisenyi
Mimi ningeanza na sindano. Wengu hauna spea.

#26 Afande Mstaafu
Mbona hakuna anayezungumzia maisha baada ya wengu kutoka? Mdogo wangu aligongwa na bodaboda, wengu ukapasuka, ukatolewa usiku ule ule katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Alitoka na karatasi ya kuondoa nyuzi, na hakuna aliyemwambia neno jingine. Baadaye alipata homa saa za asubuhi, jioni alikuwa hajitambui. Tulimwokoa kwa sababu tu jirani yetu ni musawo, yaani mganga wa hospitali, na aliuona mshono, akauliza kama wengu ulitolewa, akachoma antibiotiki kabla ya kuanza safari.

#27 Nesi wa Zamu, Arua
Afande amefika kwenye kiini. Wengu huchuja bakteria wenye ganda, hasa wa nimonia, wa homa ya uti wa mgongo, na hemofilasi aina ya b. Hatari hii ilianza kuelezwa wazi mwaka 1952, kwa watoto wachanga waliotolewa wengu, na bado inaua watu wazima kwa saa chache. Kwa upasuaji uliopangwa, chanjo za bakteria hao watatu zinapaswa kuchomwa angalau wiki mbili kabla. Baada ya hapo mgonjwa huwa na dozi ya antibiotiki nyumbani, na homa yoyote huanza dozi hiyo huku akielekea hospitalini. Ninaomba Mjukuu asisubiri kukumbushwa: chanjo za watoto wetu hutolewa bure kliniki, lakini za mtu mzima wa hali hii mara nyingi familia hununua na kuzitafuta yenyewe.

Kisha kuna malaria, ambayo vitabu vingi vinavyoandikwa ng'ambo huipa mstari mmoja. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha watu waliotolewa wengu na ndugu zao wa karibu, na ukakuta kwamba waliotolewa wengu walikutwa na vimelea mara nyingi zaidi. Chandarua kila usiku, na dawa ya kinga ijadiliwe na daktari kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.

#28 Afande Mstaafu
Ya uti wa mgongo huku kaskazini tulichanjwa mwaka 2017, watu kwa maelfu. Hiyo si imekwisha?

#29 Mwanafunzi wa Mulago
Hapana, Afande. Kampeni ile ilikuwa ya bakteria wa kundi A pekee, na ililenga walio chini ya miaka 30, kwa hiyo nina shaka kama wewe ulichanjwa. Asiye na wengu anahitaji ile inayokinga A, C, W na Y, na ikipatikana, ya B pia.

#30 Boda wa Katwe
Afande ana umri gani kweli?

#31 Mhasibu wa Saccos
Tusisahau fedha. Kamera hupunguza siku za wodini na maumivu, lakini stepla, mfuko na mirija hulipiwa na mgonjwa katika vituo vingi, na kile kilichookolewa kitandani huliwa na risiti ya vifaa. Sisi tuliuza ng'ombe kwa upasuaji wa kaka, na kipande kikubwa cha bili kilikuwa stepla. Ukiongeza safari ya Nairobi kwa picha ya PET, inayosaka saratani mwili mzima, ambayo madaktari wengine huitaka ili kuhakikisha hakuna uvimbe mwingine, maji huzidi unga. Kupasua kwa kawaida si dhambi, na kunafanyika karibu zaidi na nyumbani.

#32 Mama Thieta
Kweli, ila uweke pia gharama ya mkato mrefu chini ya mbavu kwa mama anayeishi kwa kubeba marobota ya vitenge. Anayepasuliwa hivyo hushindwa kuvuta pumzi ndefu kwa siku nyingi, na pafu la kushoto hujikunja chini na kupata nimonia. Njia zote mbili damu huweza kuganda katika mshipa wa kwenda kwenye ini, kwa hiyo homa na maumivu ya tumbo wiki ya pili yasipuuzwe.

#33 Mjukuu wa Bombo
Ahsanteni. Nimepiga simu: uvimbe uko ndani ya nyama, karibu na ncha ya chini, na daktari amekubali chanjo zitangulie. Inhibini B imepelekwa maabara. Mjomba amesoma uzi wote kwenye simu yangu, amekubali kwamba saratani huenda kwenye wengu, na sasa ana hoja mpya: ikiwa uvimbe uko kwenye ncha, kwa nini wasikate ncha tu na kumwachia mama wengu uliobaki, umkinge na malaria?

#34 Mwanafunzi wa Mulago
Mjomba angefaa kuwa mpasuaji. Kukata sehemu kunawezekana, kwa kuwa mishipa ya wengu hugawanyika kwa kanda, na hufanywa kwa vifuko vya maji na kwa watoto wenye magonjwa ya damu.

#35 Patholojia Mstaafu
Kwa vifuko vya maji, sawa. Kwa saratani sipendi kabisa: mpaka wa uvimbe ndani ya wengu hauonekani kwa macho, na ukikata karibu unaacha mbegu.

#36 Nesi wa Zamu, Arua
Huo mpaka, Mzee, kwa uvimbe wa sentimita 4 ulio nchani unaweza kuachiwa nafasi ya kutosha. Mpasuaji aulizwe kabla ya kukataliwa. Wewe hutalala chini ya chandarua cha huyo mama.

#37 Patholojia Mstaafu
Nami sitakuwepo uvimbe ukirudi kwenye kipande mlichokiacha. Mjukuu, muulize, lakini muulize pia ni wagonjwa wangapi wa saratani amewakatia hivyo.